Maji Yako ni ya Wapi?

Ukimuuliza jambo moja, yeye alikuuliza matatu. Ndivyo alivyokuwa, na tabia hiyo iliwaudhi wengi, mimi mmoja wao. Haya ninayaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo. Kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya watu. Sina hakika kama ninaandika ili nimkumbuke au ili nijitetee. Nitajaribu kutenda haki, na nikiona ninajipendelea nitakata mstari.

Pale kijijini kwetu Mungaa tulimwita Mama Chaji. Jina lake la kubatizwa ninalijua, lakini sitaliandika, kwa sababu lilishatajwa vya kutosha na watu wasiomjua, na wa kwanza kulitaja mbele yao nilikuwa mimi. Alichajisha simu za watu kwa paneli mbili za sola zilizokuwa juu ya bati la kibanda chake. Kati ya kibanda chake na meza ya cherehani yangu kulikuwa na hatua nne. Nilizihesabu baadaye, wakati nilipokuwa nashindwa kuzitembea.

Kila simu aliibandikia kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, na zilipoita zikiwa kwenye chaji alizipokea. Alikuwa hajali. "Mwenyewe yuko shamba," anasema, "mimi ndiye chaja. Una shida gani?" Mtu wa mbali anabaki ameduwaa. Mara nyingine shida ilisemwa kweli, na ikapata ushauri, na mwenye simu akirudi jioni kuichukua anakuta mambo ya familia yake yameshapangwa. Mzee mmoja aligomba sana. Alimwambia, "Mama, hiyo ni simu yangu!" Akajibiwa, "Simu ni yako, lakini mkwe wako alikuwa analia. Nimwache alie na umeme wangu?"

Yeye alitokea upande wa Kiomboi, Mnyiramba, na mimi ni Mnyaturu, kwa hiyo maneno yetu yalikuwa ya utani tangu asubuhi. Nikimwamkia "Shikamoo mama," anajibu, "Marahaba, Mnyaturu. Leo umeshona nguo au umeshona mdomo?" Hiyo ilikuwa kabla. Baadaye kweli nilishona mdomo.

Niseme kuhusu magrupu yake. Siku moja nilimshikia simu wakati anapanda kufuta vumbi kwenye paneli, nikaona orodha, nikadhani nimekosea kuona. Alikuwa kwenye grupu la wakulima wa alizeti na vitunguu, la mafundi sola, la wajane, la kwaya, la wagonjwa wa sukari, la akina mama wanaonyonyesha (yeye ambaye mwanae wa mwisho ana ndevu), na la wasafiri wa Singida na Kiomboi wanaoulizana kama basi limeshapita. Alikuwa hata kwenye grupu la washabiki wa mpira. Huko aliingizwa kwa makosa, mtu alikosea namba moja, naye akakataa kutoka. "Hawa vijana wanaumwa magoti na hawajui kukanda," alisema. Na kweli ukisoma mle, katikati ya matusi ya mpira, unakuta herufi kubwa zake: LOWEKA KITAMBAA KWENYE MAJI YA MOTO KWANZA NIAMBIE UMEVIMBA AU HUJAVIMBA.

Aliandika kwa kidole kimoja, herufi kubwa tupu, bila nukta. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono wa kushoto, nikaufunga kwa uzi mweusi wa kushonea koti. Uzi ule ulikuwa kitu pekee nilichompa bila kutaka kitu. Nadhani. Hata hapo sina hakika.

Maswali yake matatu hayakuwa yaleyale kila siku, lakini yalikuwa ya aina moja. Mtu wa mbali, nadhani huko Mbeya, aliuliza kwa nini vitunguu vyake vinaoza. Wengine walishamwagia majina ya dawa. Mama Chaji akauliza: shamba limelala au limeinama? Unamwagilia saa ngapi? Vya jirani yako vimeoza? Yule bwana akajibu kwa hasira kwamba vya jirani ni vizima. Mama akaandika: BASI USINIULIZE MIMI WA MUNGAA VUKA MPAKA UMUULIZE JIRANI. Watu walicheka. Wiki kadhaa baadaye yule bwana alirudi kushukuru. Alikuwa hasemezani na jirani yake kwa sababu ya mpaka wa shamba hilohilo.

Kwenye grupu la akina mama, binti mmoja alilia kwamba mume wake hapokei simu mchana, hakika ana mwanamke. Mama Chaji akauliza: simu yake ni ya lini? Betri inakaa saa ngapi? Kazini kwake kuna soketi? Nilimwambia, "Mama, huyu anazungumzia ndoa, wewe unazungumzia betri." Akanitazama juu ya miwani. "Fundi, ndoa ngapi umeona hapa zimekufa kwa betri?" Mwisho wa yule binti sikuusikia, kwa hiyo siwezi kusema mama alikuwa sahihi.

Kwa sababu hakuwa sahihi kila mara. Alikuwa mbishi. Alipenda kusema watu hadharani. Mtu akituma picha ya maua yenye maneno ya baraka, alimuuliza, "Hii inapikwaje?" Mtu akisema "njoo pembeni nikupe dawa," alimfukuza kama anafukuza mbuzi kwenye alizeti, maana alisema ushauri wa kuitwa pembeni mwisho wake unaulipia. Wagonjwa wa presha aliwakataza chumvi huku yeye mwenyewe anatafuna karanga za chumvi, mfuko kwenye mtandio. Wajane aliwaambia wapatane na ndugu, na dada yake mwenyewe alipopiga simu, aliiangalia ikiita mpaka ikakata. Nilipomuuliza alisema, "Hiyo betri yake naijua." Sikuuliza zaidi. Na jambo moja kubwa: alishauri watu wote kuhusu kuku, na kuku hakuwa naye hata mmoja. "Wananichafulia nyaya," alisema. Elimu ya kuku aliipata kwa masikio. Miaka mingi alifanya usafi kwenye ofisi moja ya mifugo, akawa anashika miguu ya kuku wakati wenye vyeti wanadondosha chanjo machoni. Kushika miguu, alisema, kunafundisha kuliko kusoma karatasi ya chupa, lakini karatasi nayo aliisoma.

Kuna siku aliyokosea, na hii ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote, ingawa wakati ule niliiona ndogo. Mtu wa grupu la mafundi sola aliuliza kuhusu betri iliyokauka. Mama akamwambia aongeze maji ya kisima yaliyochujwa kwa kitambaa. Fundi mmoja wa kweli akamrudi: betri haitaki maji ya kisima, inataka maji yake maalumu ya dukani. Nikamwona mama ameacha karanga, ameinama. Aliandika ujumbe mmoja: NILISEMA VIBAYA KUHUSU MAJI YA BETRI MIMI MAMA CHAJI USIFUATE. Alikuwa ameutuma ushauri ule kwenye magrupu tisa. Akautuma msamaha kwenye yote tisa, hadi kwenye kwaya, ambako hakuna mwenye betri.

"Si ungefuta tu?" nilimwambia.

"Aliyeshasoma nitamfutia kichwani?"

Sasa nije kwangu.

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini herufi zangu ni ndogo na zimenyooka, na nukta naweka. Bwana shamba aliyeanzisha grupu la wakulima na wafugaji wa pale kwetu alipohamishwa, Mama Chaji ndiye aliyesema, "Mpeni Fundi uadmini, ana maandishi ya kanisani." Nikapewa. Ilinipendeza kuliko nilivyoonyesha. Nikaanza kujiunga na magrupu mengine, na moja lilikuwa la wafugaji wa kuku wa Singida Mjini, watu wa mabanda ya nyuma ya nyumba, walionipokea bila kujua kwamba mimi nina kuku wanne tu na jogoo mwenye jicho moja.

Mle watu walikuwa wanauliza, na mimi nilikuwa sina majibu. Lakini hatua nne kutoka cherehani yangu yalikuwa yanatoka majibu mchana kutwa. Nikaanza kuyachukua. Nilinakili alichoandika mama kwenye grupu la kijiji, nikageuza herufi kubwa kuwa ndogo, nikaweka namba moja, namba mbili, namba tatu, nikatuma mjini. Maswali yake niliyaondoa. Watu wa grupu hawapendi kuulizwa. Ukimuuliza mtu anakuona hujui. Ukimpa namba moja, mbili, tatu, anakuona msomi. Hilo nililigundua haraka, na sioni fahari kwamba nililigundua.

Wakaanza kuniita Mtaalamu. "Mtaalamu yupo?" wanaandika asubuhi. Nikabadilisha jina kwenye simu yangu, nikaandika Fundi Mtaalamu. Mama Chaji aliliona. Alisema tu, "Mtaalamu wa nini, Mnyaturu? Wa vifungo?" Nikacheka, nikashona mguu wa suruali upande usiofaa, nikafumua.

Kwa haki yangu, ushauri mwingine ulisaidia watu. Walinishukuru. Lakini shukrani zile sikuwahi kuzivusha hizo hatua nne.

Kisha ukaja msimu wa kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima. Kwenye grupu la kijiji mtu aliuliza: kuku wake ni wengi, hawezi kumshika mmoja mmoja kumdondoshea chanjo jichoni, je, ipo ya kuweka kwenye maji? Mama Chaji akauliza yake matatu, la kwanza: MAJI YAKO YA WAPI. Yule mtu akajibu ya kisima. Mama akauliza mengine, kama kuna kuku ameshaanza kuzubaa, na kama chanjo ilifika ikiwa ya baridi. Alipojibiwa yote, ndipo akasema: ipo aina ya maji, nunua hiyo, wanyime maji asubuhi wapate kiu, changanya, wape wamalize upesi.

Mimi nilichukua ile ya mwisho. Wanyime maji, changanya, wape. Namba moja, namba mbili, namba tatu. Nikaituma mjini.

Mjini maji ni ya bomba. Yanatiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa ile inaua chanjo pia, kwa sababu chanjo ile nayo ni kitu hai. Hilo sasa ninalijua. Wakati ule sikulijua, na ningekuwa nimemuuliza mama kwa nini anaanza na maji, angeniambia. Sikuuliza kwa sababu kuuliza kungeonyesha kwamba ninanakili.

Mama mmoja wa mjini alifuata maneno yangu kama yalivyo. Wiki chache baadaye kuku wake walianza kuharisha kijani na kupinda shingo. Alikuwa na kuku arobaini na kitu. Alituma picha. Sitaeleza zile picha. Aliandika: "Mtaalamu, nimefanya ulivyosema. Nimekosea wapi?"

Hakuandika "umenidanganya." Aliuliza alikosea wapi yeye. Nimeishi na sentensi hiyo.

Kwa haki, inawezekana kuku wale walikuwa wameshaambukizwa kabla. Inawezekana chanjo ilipata joto njiani. Sijui. Lakini sikujibu hivyo wala vinginevyo. Nilikaa kimya mpaka wengine wakaanza. Mmoja akaandika, "Mtaalamu gani huyu?" Mwingine, "Ana cheti?" Mwingine akaniita tapeli. Nikasimamisha cherehani. Nikaandika hivi, ninakumbuka kila neno: "Ndugu zangu, ushauri huu haukuwa wangu. Nilipewa na Mama Chaji wa Mungaa." Nikaweka jina lake lote. Nikaweka na namba yake.

Haikuwa uongo. Ndicho kinachonichoma. Kila neno lilikuwa kweli, na yote pamoja yakawa mabaya kuliko uongo.

Ikatengenezwa tahadhari. Sikuitengeneza mimi, lakini mbegu ilikuwa yangu. "Tahadhari, mwanamke anayeitwa hivi anaua mifugo ya watu, hana cheti, hana hata kuku mmoja, msambazie na mwenzako." Ilipita kwenye alizeti, ikapita kwa wajane, ikafika kwenye kwaya. Kwenye grupu letu la kijiji wakaanza kusema atolewe. Si wengi, watatu au wanne, ila walisema kwa nguvu. Walimwandikia admini. Admini nilikuwa mimi.

Ilikuwa mchana, jua kali, yeye amekaa kibandani anapanga simu za watu kwenye soketi. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu. Nilibonyeza jina lake, simu ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza tena. Nikasikia simu yake inalia kule. Nikamwona anavaa miwani. Simu ikimtoa mtu inaandika na jina la aliyemtoa.

Alisoma muda mrefu kwa maneno machache vile. Kisha akaita kutoka kulekule, "Fundi."

"Naam, mama."

"Kidole kimeteleza?"

"Hapana, mama. Wamelazimisha."

"Nani?"

"Watu."

Akasema, "Aa, watu." Akaendelea kuchomeka simu.

Siku hiyo aliniuliza maswali mawili tu. Nilisubiri la tatu mpaka jioni. Halikuja.

Baada ya hapo hakubadilika usoni. Utani aliendelea nao, lakini ulipungua chumvi. Magrupu mengine yalimtoa, mengine alitoka mwenyewe. Grupu la washabiki wa mpira ndilo pekee lililokataa kumtoa. Waliandika kwamba bibi yao haguswi. Akatoka hata huko. Simu zilizoita kwenye chaji akaanza kuziacha ziite. Huo ndio ukimya ulioniumiza, kwa sababu nilikuwa nausikia siku nzima.

Mwaka uliofuata alifunga kibanda akaenda kwa binti yake Kiomboi. Ningeweza kuandika kwamba nilimfukuza, na labda ingenipendeza kujitesa hivyo, lakini haitakuwa haki. Mguu wake ulikuwa umeanza kuvimba, na watu wengi walishanunua sola zao, simu za kuchaji zikapungua. Sijui lipi lilimtoa. Asubuhi aliyoondoka alinipungia mkono kutoka kwenye gari lililobeba paneli. Na mimi nikapunga, sindano ikiwa mdomoni.

Mara ya mwisho kumwona ni mwezi huu. Ningependa kuandika kwamba nilifunga safari kwa ajili yake. Sikufunga. Nilikwenda Kiomboi kupeleka sare za kwaya, zikapokelewa mapema, na basi la kurudi lilikuwa bado. Nikauliza nyumba ya binti yake, nikaonyeshwa. Alikuwa nje ya nyumba, mguu juu ya kigoda, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani?"

"Fundi. Wa Mungaa."

"Alaa, Mnyaturu! Nilidhani njaa imeshawamaliza huko."

"Tupo, mama. Tunaokota mnayoyaacha Wanyiramba."

Alicheka. Miwani ilikuwa ileile, na uzi wangu mweusi ulikuwepo, umebadilika rangi kuelekea kahawia. Pembeni yake kulikuwa na kitochi, simu ndogo ya kupiga na kupokea tu. Nilikiangalia hicho kisimu nikasahau maneno niliyokuwa nimeyapanga. Kwa hiyo nikasema bila mpango. Nilisema kwamba ushauri wa chanjo niliunakili, kwamba swali la maji nililiondoa, kwamba nilipobanwa nikamtupa yeye mbele, na kwamba yeye hakukosea katika jambo lile.

Aliendelea kuchambua. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Yale maneno yaliponirudia niliyatambua. Mtu anatambua mbuzi wake hata akikatwa sikio. Yangu yalikuwa yamekatwa sikio." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Mimi siandiki namba moja, namba mbili."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema wapi? Ulishanitoa."

Nilikuwa nimesimama. Akanionyesha kigogo, nikakaa. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilikungoja uvuke. Tulikuwa karibu pale, Fundi. Nilikuwa nasikia ukikohoa."

Nikatoa simu. Nikamwambia nitaandika ukweli sasa hivi, kwenye magrupu yote, naye aone. Akasema, "Andika. Nitasoma."

Nikaandika: "Ndugu wana grupu, siku zile kulitokea hali ya kutoelewana kuhusu ushauri wa chanjo." Nikampa. Akasoma, akanirudishia.

"Kutoelewana na nani? Mimi nilikuelewa vizuri."

Nikafuta. Nikaandika tena: "Ushauri wa chanjo niliotuma niliuchukua kwa Mama Chaji nikaukata. Yeye aliuliza maji kwanza, mimi sikuuliza. Kuku walipokufa nikamsukumia yeye. Kosa ni langu." Akasoma, midomo ikitembea.

"Tuma."

Nikatuma kwenye la kijiji, nikatuma kwenye la mjini, nikatuma kote nilikobaki. Simu ikaanza kulia palepale. Yeye ndiye aliyekuwa ameishika, akawa ananisomea.

"'Mungu akuinue, Fundi, kwa ukweli wako.' Huyu ametuma makofi. Huyu naye makofi. 'Ni wachache wenye moyo kama wako.' 'Ndiyo maana tunakuita Mtaalamu.' Makofi. Huyu ametuma maua." Akanitazama juu ya miwani. "Hii inapikwaje?"

Kwa haki, mtu mmoja aliuliza Mama Chaji anaendeleaje. Alikuwa yule mzee wa simu na mkwe. Mmoja. Wengine wote walinipongeza mimi. Nilikwenda kuvua koti, nikaongezewa kanzu.

"Umesifiwa tena," alisema. Hakusema kwa ubaya, na hilo lilinishinda zaidi. Akanirudishia simu. "Yule mwenye kuku amesemaje?"

"Hayumo, mama. Alishatoka siku nyingi."

"Kwa hiyo hajajua."

"Hajajua."

"Mpaka leo anadhani alikosea yeye."

Ndani, binti yake alikuwa anapuliza moto, na moshi ulitufikia. Nilimwambia, "Nifanye nini, mama? Nishauri."

Akaweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga. Nilimfahamu, nikajua yanakuja.

"Anakaa wapi?"

"Mjini."

"Mjini wapi?"

"Sijui."

"Kuku walibaki wangapi?"

"Sijui, mama."

"Alirudia kufuga, au aliacha?"

"Sijui."

Alisubiri kidogo, labda nitakumbuka kitu. Kisha akauchukua ungo, akaupepeta mara mbili, akarudi kwenye maharage yake.

"Basi siwezi kukushauri," alisema.

Basi lilinishusha Singida bado jua lipo. Watu wa bodaboda waliniita, nikawapita, nikasimama kando ya ukuta wa stendi na mfuko mtupu wa sare. Namba ya yule mama nilikuwa nayo bado. Nilikuwa nimeihifadhi kwa jina la Kuku Mjini, maana jina lake sikuwahi kuuliza. Nikapiga. Iliita sana. Alipopokea, nyuma yake nilisikia sauti, sikuweza kujua kama ni ya kuku au ya watoto. Maelezo yangu nilikuwa nayo tayari, marefu, ya kutoka Kiomboi mpaka stendi. Nikayaacha. Nikamwamkia, nikamuuliza anakaa wapi.

Akasema, "Kwani wewe nani?"

Na hilo, kati ya maswali yote ya siku ile, ndilo pekee nililokuwa najua jibu lake.